Pepo Kanisani

Mwaka 1998, nikiwa na miaka 19, niliitwa mara ya kwanza kusoma Neno mbele ya ibada, katika kanisa letu la mabati huko Kariobangi Kusini. Nilipewa Waebrania 1. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu baba, mikono imenifunika hadi vidoleni. Nilianza vizuri. Nikafika aya ya saba: “Na kwa habari za malaika asema, Afanyaye malaika wake kuwa pepo...”

“Ashindwe!” mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Wengine wakaitikia bila kufikiri. Watoto wakacheka. Nilihisi jasho likinitiririka mgongoni, nikasoma aya zilizobaki kama mtu anayekimbizwa. Baada ya ibada kiongozi wa vijana akanikalisha kando, akanipa penseli. “Hapo weka u. Upepo. Mkalimani aliteleza.” Nikaiweka ile u mbele ya pepo, katika Biblia ya Union niliyorithi.

Alasiri nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa fundi wa pancha kando ya Outering Road, na Jumapili ilikuwa siku yake nzuri, maana matatu hazikupumzika. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya karai la maji, anaizungusha tyubu polepole ndani yake akitafuta tundu. Pembeni, juu ya debe lililofudikizwa, alikaa mwinjilisti mmoja mstaafu akisubiri tairi la baiskeli yake. Mzee huyo alikuwa amesoma Kigiriki cha Agano Jipya, na hakuwa mtu wa kukificha.

“Kijana, nimesikia umewaletea watu pepo,” akasema.

Nikamweleza mambo ya penseli. Akacheka mpaka akakohoa.

“Mkalimani hakuteleza. Kigiriki kinasema pneumata. Mmoja ni pneuma. Pneuma ni upepo, ni pumzi, ni roho. Neno ni hilo moja. Yule mchafu wa kwenye Marko, aliyepiga kelele katika sinagogi, anaitwaje?”

“Pepo mchafu.”

“Pneuma akatharton. Na Roho Mtakatifu ni pneuma hilo hilo. Sasa wewe uwe mfasiri, utafanyaje?”

Sikuwa na jibu. Akaniuliza Yohana 3:8, ambayo niliijua kwa moyo: upepo huvuma upendako, na mwishoni, aliyezaliwa kwa Roho. Akasema kwa Kigiriki aya hiyo inaanza na pneuma na kuishia na pneuma, na hata kile kitenzi cha kuvuma, pnei, kimetoka shina moja nalo. Nikodemo alisikia neno moja tu likizunguka. Sisi tumepewa mawili, upepo, letu la Kibantu, na roho, la Kiarabu, na hilo la Kiarabu ni ndugu wa ruach ya Waebrania, ambayo nayo ni upepo na pumzi na roho.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kukipenda Kiswahili, siku ambayo nilidhani najifunza Kigiriki. Maana pepo za kusi na pepo wachafu tunazo kinywani kila siku. Kinachowatenganisha ni upatanisho tu: pepo zimevuma, pepo wamemwingia. Na aya ile ya Waebrania imekatika kabla ya kitenzi cha kutuonyesha ni pepo wapi. “Kuwa pepo,” basi. Yule mama alisikia upande mmoja. Hata leo simlaumu.

“Na pale msalabani kwenye Luka,” mzee akaendelea, “sisi tunasema alikata roho. Wao wanasema exepneusen. Alitoa pumzi, ikaisha.”

Mjomba alikuwa kimya muda wote huo. Ghafla akaizamisha tyubu kwa vidole gumba viwili, na mstari wa mapovu madogo ukapanda, moja baada ya jingine. Akaweka alama kwa chaki, akaifuta tyubu kwa kitambaa, akaisugua kwa msasa, akapaka gundi, kisha akaipulizia kwa mdomo ikauke.

“Kwa hivyo, Mzee,” akauliza, “hiki ninachowajazia watu hapa kwa shilingi 10 ni pneuma?”

“Ndiyo. Hata Wazungu waliipa tairi ya upepo jina kutokana na neno hilo.”

“Basi nimekuwa nikiuza rahisi.”

Mzee alilipa, akaminya tairi kwa kidole, akapanda baiskeli na kupotea upande wa Umoja huku kanzu yake ikijaa upepo nyuma.

Usiku nilitafuta raba, nikaifuta ile u. Karatasi za Biblia ni nyembamba. Pale iliposimama pamebaki weupe, na ukiuinua ukurasa kwenye taa unaona maneno ya upande wa pili.