Treni ilinipitiliza Fushimi Inari, usiku ndo nikaifaidi

Mdogo wangu anasoma Osaka, Japani, nilivyoenda kumtembelea kitu cha kwanza nilimwambia mi nataka Fushimi Inari, lile hekalu la Kyoto lenye malango mekundu yaliyopangwa kupanda mlima, mengine utajua mwenyewe. Siku yenyewe ana mtihani mchana, nikaenda peke yangu. Stesheni ya Kyoto unapanda laini ya Nara, Inari ni kituo cha pili tu, dakika tano, yen 150. Nikaona treni imeandikwa Nara nikajitosa. Ikasimama Tofukuji, nikasogea mlangoni kabisa na mkoba begani, halafu naiona Inari hiyoo inapita dirishani, nguzo nyekundu na kila kitu, treni wala haina habari! Nikaja kushuka Rokujizo huko. Namwandikia dogo, anajibu anacheka, "dada hiyo ni ya haraka, rudi upande inayosimama kila kituo." Si ungesema mapema bwana.

Nafika ni karibu saa sita mchana. Jamani watu! Kariakoo ya sikukuu. Lango kubwa la mbele, lile alilolijengesha Toyotomi Hideyoshi mwaka 1589, sikuliona vizuri kwa fimbo za selfi. Nikaangalia wenyeji wanavyofanya, wananawa mikono, wanatupa sarafu, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama tena mara moja. Si dini yangu kwa hiyo nilisimama pembeni kwa adabu. Mbweha wa mawe wako kila mahali, ndo wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga na biashara, na mmoja ana ufunguo mdomoni, eti wa ghala la mpunga. Huyo nilimpenda.

Ila malangoni watu wamebanana hata hatua hupigi, nikasema basi. Dogo alishaniambia pale hapafungwi, usiku kucha wazi na kiingilio hakuna, kwa hiyo nikala zangu udon, zile tambi nene za mchuzi, yenye tofu ya kukaanga juu, nikapanda treni ya Keihan mpaka Gion-Shijo kuzurura mjini. Soko la Nishiki ni kichochoro kimoja kirefu chenye paa, wanauza vipweza vidogo vyekundu kwenye kijiti, kichwani wamejaza yai la kware. Mi mtu wa Tanga, pweza namjua, lakini huyu mtamutamu kama kashata sikumwelewa, na kula huku unatembea hawapendi, unamalizia palepale dukani. Jioni nikakaa ukingoni mwa mto Kamo, wapenzi wamekaa wawiliwawili wameachiana nafasi sawasawa kama wamepimwa kwa rula, mi katikati yao na mfuko wangu wa machungwa.

Saa mbili usiku nikarudi. Sasa hapo! Taa zinawaka, njia nyeupe, unasikia viatu vyako tu na paka wanaokaa mlimani. Kuna mabango ya kuonya nguruwe pori, hayo nilijifanya sijayaona. Mlima wenyewe ni mita 233 ila ngazi zinakukomesha, na maji ya kwenye mashine kadiri unavyopanda na bei inapanda, nunueni chini. Nikaishia Yotsutsuji, njia panda ya katikati ya mlima, ukigeuka Kyoto yote inawaka chini yako, nikaona inatosha, kileleni waende wenye magoti.

Kitu kilichonishangaza ni wakati wa kushuka. Ukipanda malango ni mekundu matupu, ukishuka sasa unaona kila nguzo ina maandishi meusi, nikayapiga kamera ya simu yanitafsirie, kumbe ni majina ya makampuni na watu waliotoa hela lango lisimamishwe, na tarehe juu. Yaani ile michango ya harusi yetu inayotangazwa ukumbini, wenzetu wameisimamisha mlimani ikae miaka.

Karibu na chini kuna mawe mawili ya mviringo, unaomba jambo halafu unanyanyua, likiwa jepesi kuliko ulivyodhani basi limekubaliwa. Kwa utani tu nikauombea ule mtihani wa dogo. Jiwe zito kama gunia la mkaa! Nikaliweka taratibu nikaangalia huku na huku, hakuna aliyeona. Dogo mpaka leo sijamwambia.