Siku Moja Nyuma ya Msafara: Dereva wa Gari la Mwisho, Barabara ya Masaka

Saa tisa na nusu za usiku taa ya nyumba yetu hapa Bombo ilikuwa imewaka, na mke wangu alikuwa amekwisha kuvaa. Siku za kawaida mimi ni dereva wa taksi ya abiria kati ya Bombo na Kampala, lakini kwa ajili ya msafara wa baiskeli wa Jumamosi hiyo, kutoka Kampala mpaka Masaka, nilikuwa nimevitoa viti vya nyuma, na mahali pake nikapanga madumu ya maji, ndizi mbivu za bogoya, tyubu za akiba, pampu, viraka na gundi, kisanduku cha huduma ya kwanza, pamoja na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, ile wanayopewa watoto wanaoharisha. Baiskeli ya mke wangu na ya binti yetu zilifungwa juu ya keria. Jirani aliyekuwa akiwahi sokoni aliuliza kama nami ninakwenda kuendesha baiskeli. Nilipomweleza kwamba mimi ni dereva wa gari la mwisho, linalofuata nyuma ya waendeshaji wote, alicheka na kusema kuwa hiyo ni kazi ya kukaa tu.

Msafara wenyewe si mashindano. Kila mshiriki hutafuta ndugu, jamaa na wafanyakazi wenzake wanaoahidi kutoa fedha kwa kila kilomita atakayoimaliza kwa miguu yake, na fedha hizo hununua dawa za watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwetu jambo hili liko ndani ya ukoo, kwa kuwa mtoto wa dada yangu anaugua maradhi hayo. Na kwa Uganda nzima si dogo, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takriban asilimia 13 ya watoto wadogo waliopimwa walikuwa wamerithi vinasaba vyake, ingawa wengi wao hawaugui. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyejiandikisha kwanza, binti yetu akamfuata, na mimi ambaye magoti yangu yalibaki jeshini nikatoa gari.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Busega, pembeni ya Kampala, mahali pa kuanzia. Mratibu alitukusanya sisi wa magari na kutukumbusha kanuni ambayo watu wengi hawaifahamu: gari la mwisho halimpiti mwendeshaji wa mwisho kwa sababu yoyote ile, hata kama aliye mbele ni wa nyumbani kwako. Wenye shida mbele husaidiwa na mafundi wanaokwenda kwa pikipiki. Niliwaaga mke na binti yangu papo hapo, nikijua kwamba sitawaona tena mpaka Masaka.

Kyengera, Nsangi na Mpigi zilipita kwa pancha kadhaa, cheni moja iliyokatika, na kijana mmoja aliyeanza kwa mbio za sifa kisha akapanda garini kabla hatujafika kwa watengeneza ngoma wa Mpambire.

Labda nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wanaosema ni ya kukaa hawajawahi kuijaribu. Baiskeli iliyochoka huenda kilomita kumi na mbili kwa saa, au kumi mlimani, na gari halikuundwa kwa mwendo huo. Unabaki gia ya kwanza na ya pili, mguu wa kushoto haupumziki juu ya klachi, sindano ya joto la injini inapanda, na macho yako yako kwenye kioo zaidi kuliko mbele, kwa maana barabara hii ndiyo inayopitisha malori ya matela yaendayo Rwanda na Kongo, pamoja na mabasi ya Mbarara ambayo madereva wake hawakubali kwamba breki ni sehemu ya gari. Kila ninapoliona tela kubwa kiooni ninawasha taa zote na kusogea kidogo katikati ya barabara, ili dereva wake anione mimi kabla hajamfikia aliye mbele yangu. Hiyo ndiyo kazi: kuwa kitu cha kwanza kugongwa.

Kasoro robo saa tano tulifika Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta. Binti yangu alikuwa amenitumia picha yao wawili wakiwa ndani ya duara la saruji, wakicheka. Kando ya barabara vijana walikuwa wakiwaonyesha watalii maji yanavyozunguka kulia upande huu na kushoto upande wa pili, mchezo wa kufurahisha ambao hauhusiani na dunia kuzunguka, kwa sababu nguvu hiyo ni ndogo mno kuyageuza maji ya beseni. Nami ningependa kutazama, lakini mtu wangu wa mwisho hakusimama.

Huyo wa mwisho alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mwenye baiskeli ya chuma na helmeti mpya, ambaye Kiswahili chake alikipata alipofanya kazi Mombasa. Mpaka daraja la Katonga tulielewana. Hapo ndipo mafuriko ya Mei 2023 yalipoikata barabara na magari yakalazimika kuzungukia Sembabule, na mzee alisimama akanisimulia habari hiyo yote kana kwamba mimi dereva sikuwapo Uganda. Kisha tukaingia Lwera.

Anayeijua Lwera kwa gari hajaijua. Ni bwawa la mafunjo, mashamba ya mpunga na malori ya mchanga, tambarare tupu isiyo na mti wa kivuli, na jua la saa saba linawaka kutoka juu na kutoka kwenye lami kwa pamoja. Mzee alianza kusimama kila baada ya mwendo mfupi. Maji yangu, alisema, ni ya moto. Ndizi zimeiva kupita kiasi. Mngurumo wa injini unamtia wasiwasi, basi nizime; nilipozima, akasema sasa anahofia magari ya nyuma. Nilimchanganyia maji ya chumvi, akanywa nusu na kumwaga nusu. Nilipomwambia, “Mzee wangu, panda upumzike, baiskeli nitaipakia mimi,” alinijibu bila kugeuka: “Afande, nikipanda gari lako, walioniahidi watalipa nusu. Nani atajaza hiyo nusu, wewe?” Sikuwa na jibu.

Tulikuwa katikati ya bwawa hilo simu ilipolia. Ni binti yangu: mama yake alikuwa akikwepa shimo karibu na Lukaya, ameanguka, mkono umechubuka na ringi ya mbele imepinda. Kisanduku cha dawa kilikuwa nyuma ya kiti changu. Kilomita zilizobaki, kwa mwendo wa taksi, ni za dakika chache. Mbele yangu mzee alikuwa amekaa juu ya ukingo wa barabara akivua kiatu kimoja, akikung'uta changarawe, akikivaa, kisha akivua cha pili. Nilishika usukani kwa mikono miwili na nadhani nilisema maneno ya kambini ambayo si ya kuandikwa.

Mke wangu aliichukua simu. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia wodini. “Wewe usimwache mzee wa watu barabarani. Mimi ni ngozi tu, na fundi anainyoosha ringi.” Akakata.

Kuanzia hapo sikutazama saa. Ninakumbuka Lukaya, ambako wachuuzi walilikimbilia gari na kuku wa mishikaki na gonja, ndizi tamu za kuchoma, na mzee akala kwa utaratibu wa mtu aliye harusini huku mimi nimesimama. Ninakumbuka harufu ya klachi. Ninakumbuka kilima cha kutoka Nyendo kuingia mjini Masaka, mzee akiisukuma baiskeli kwa miguu, mimi nyuma yake na taa zikiwaka, bodaboda wakinipigia honi na kunitukana kwa Kiganda, na giza likianza. Alifika. Kilomita zake zote zilikuwa halali, na niliposaini karatasi yake ya ahadi kama shahidi, mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kwa uchovu kuliko wake.

Mke wangu alikuwa na bendeji aliyojifunga mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningemfunga. Tulipakia baiskeli, na mzee akauliza kama kuna nafasi mpaka Kampala. Ilikuwepo. Alikaa mbele.

Jumatatu fundi aliifungua klachi akasema imekwisha, na gharama hiyo haimo katika ahadi ya kilomita ya mtu yeyote. Nimemwambia mratibu kwamba mwakani nitakuja kwa sharti kwamba liwepo gari la pili la kupokezana kuanzia Kayabwe, na kwamba mfuko wa msafara uchangie matengenezo. La kwanza amelikubali. La pili bado tunalizungumza.