Sentimita nne kwenye faili langu

Novemba 2023, mvua za kwanza zikiwa ndiyo zimeanza, niliteleza nikipandisha kutoka kinyunguni, bustani yangu ya bondeni, na ndoo ndogo ya maharage mabichi. Sikudondoka kutoka juu ya mti wala kugongwa na bodaboda. Nilikuwa natembea tu, nikaangukia mkono, ukavunjika karibu na kifundo. Wiki sita nilifungwa hogo, cherehani ikalala. Kila aliyekuja kunipa pole alisema ni utelezi, nami nikakubali. Huku Kilolo, mkoani Iringa, nani hajateleza?

Nilikuwa na miaka 53, na dawa za VVU nilianza mwaka 2008.

Aliyenifumbua macho ni daktari kijana pale CTC, kliniki tunakochukulia dawa za VVU. Aliniona na mkono uliokonda, akaniamkia, akasema, "Mama, ukianguka kutoka usawa wa kusimama mfupa ukavunjika, hatulaumu tope peke yake." Akatoa simu, akaanza kuniuliza maswali ya kikokotoo kinachoitwa FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na watu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Kinawahusu wenye miaka 40 hadi 90. Kinakadiria uwezekano wako wa kuvunjika nyonga, au mifupa mingine mikubwa kama pingili za mgongo, bega na mkono, ndani ya miaka 10 ijayo. Nilipenda kwamba kinafanya kazi hata bila DEXA, kipimo cha uimara wa mifupa, maana mashine hiyo kwetu hakuna.

Umri, uzito, urefu, sigara. Umewahi kuvunjika? Umetumia prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, miezi mitatu au zaidi? Pombe wanahesabu vipimo vitatu au zaidi kwa siku, sisi tunahesabu lita za ulanzi, hapo tulichukua muda kuelewana. Kisha: mzazi wako aliwahi kuvunjika nyonga? Nilikaa kimya. Marehemu mama alianguka jikoni, tukasema kiuno kimeachia, tukamkanda kwa maji ya moto. Hakutembea tena hadi anafariki. Hakuna aliyempiga picha. Nilimsimulia daktari hivyo hivyo, akabonyeza ndiyo.

VVU haimo kwenye maswali yale. Alichofanya ni kuweka alama kwenye kisanduku cha ugonjwa mwingine unaodhoofisha mifupa, na hata hivyo akanionya kwamba kwa watu kama sisi jibu huwa linatoka dogo kuliko hali halisi. Tena kikokotoo hakiulizi umeanguka mara ngapi. Hilo lilinisumbua sana. Sisi tulioanza na stavudine, dawa ya zamani ya VVU, wengi tulibaki na ganzi kwenye nyayo, na mtu mwenye ganzi kwenye mteremko wa udongo mwekundu ataanguka tu. Ningeulizwa mimi, swali hilo ningeliweka la kwanza.

Virusi vyenyewe vinadhoofisha mifupa, kwa sababu mwili unakaa katika hali ya uvimbe wa ndani miaka nenda rudi. Ukianza dawa, mifupa hupungua uzito kwa asilimia 2 hadi 6 katika miaka miwili ya mwanzo, halafu kasi hiyo inatulia. Tenofovir, iliyomo kwenye TLD, kidonge cha VVU tunachomeza, hupunguza zaidi kidogo kuliko nyingine. Ongeza kukoma hedhi, ongeza wembamba. Dada yangu unayesoma hapa, usije ukaacha dawa kwa ajili ya mifupa. Mimi nisingekuwa na mkono wa kuvunja kama nisingemeza dawa tangu 2008. Nenda ukazungumze na daktari wako, kama kuna haja ya kubadilisha atabadilisha yeye.

Kilichoniuma ni urefu. Kwenye faili langu la 2008 niliandikwa sentimita 161. Siku ile nilisimama kwenye kipimo, nikasoma 157. Uzito wangu umeandikwa kila hudhurio kwa miaka 15, urefu mara moja tu. Kupungua kiasi hicho kunaweza kuwa pingili zimebonyea kimya kimya, na mimi maumivu ya mgongo nilikuwa nayasingizia cherehani. Nikaandikiwa picha ya mgongo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Nyanda za Juu Kusini ndiko tuliko wengi, na sasa tunazeeka, jambo tusilolitegemea kabisa miaka ile. Naomba wahudumu wetu watupime urefu kila mwaka na watuulize kama tumeanguka. Hayo hayahitaji mashine.

Kwenye kikundi chetu tumeshaanza. Futi yangu ya ushonaji inaishia sentimita 150, kwa hiyo nimechora mstari ukutani mita moja kutoka sakafuni, tunapimia kuanzia hapo, viatu na vilemba pembeni. Tumepimana tisa. Jumanne wawili wanakwenda CTC kuomba mafaili yao ya zamani yafunguliwe, nami nitawasindikiza.