Vita vya Mapinduzi ya Marekani kwa watoto wa miaka 9 hadi 11: anza na deni

Mwalimu akifungua somo hili kwa milio ya kwanza ya bunduki ya vita hivyo, huko Lexington, Massachusetts, 19 Aprili 1775, watoto humpokea mfalme George III wa Uingereza kama zimwi la hadithini: mbaya kwa sababu ni mbaya. Anza 1763. Uingereza imeishinda Ufaransa katika Vita vya Miaka Saba, deni lake la taifa limekaribia kuwa maradufu, na inapanga kubakiza askari wapatao 10,000 Amerika. Nani alipe? London inasema makoloni yachangie, maana yalilindwa. Makoloni yanajibu kwamba hayana mbunge hata mmoja huko London. Mtoto akizishika kauli hizo mbili, mengi yaliyobaki atayafuata mwenyewe.

Kata kamba ya mita 2.2 na uitundike ukutani. Sentimita 10 ni mwaka mmoja. Mwanzo wa kamba ni Januari 1763. Bana kadi hizi: Sheria ya Stempu, yaani kodi ya hati na magazeti (Machi 1765) sm 22, mauaji ya Boston (Machi 1770) sm 72, chai kumwagwa bandarini Boston (Desemba 1773) sm 110, Lexington na Concord sm 123, Tamko la Uhuru (Julai 1776) sm 135, ushindi wa Wamarekani Saratoga (Oktoba 1777) sm 148, jeshi la Uingereza kusalimu amri Yorktown (Oktoba 1781) sm 188, Mkataba wa Paris uliomaliza vita (Septemba 1783) sm 207. Tarehe nane zinatosha. Kamba inaonyesha mambo mawili ambayo watoto hukosea karibu kila mara: mapigano yalitangulia Tamko la Uhuru kwa zaidi ya mwaka, na baada ya Yorktown amani ilichukua karibu miaka miwili kutiwa saini.

Sasa mchezo wa kodi, unaojulikana sana na unaoharibiwa sana. Kwa darasa la watoto 30, chagua mfalme mmoja, wabunge wawili na watoza kodi watatu. 24 waliobaki ni walowezi. Kila mlowezi apewe kete 10 za plastiki au karatasi. (Ukitumia pipi, zitaliwa kabla ya kodi ya kwanza.) Wabunge wasome amri ulizoandika mapema: anayetumia karatasi alipe kete 1, mwenye kitabu mezani 2, mwenye karata 1. Sheria ya Stempu iligusa kweli magazeti, hati za kisheria, karata na hata dado. Dakika nane, basi. Ukiendelea zaidi, hasira humgeukia mtoto aliyepewa ufalme, na hiyo si historia tena. Kwa sababu hiyo mpe ufalme mtoto asiyeonewa na wenzake, na kete zote zikusanywe kabla ya mjadala.

Ukiishia hapo, watoto watatoka wakiamini kwamba kodi ni wizi. Cheza raundi ya pili. Rudisha kete, tangaza kwamba koloni lina deni la kete 48, kisha walowezi wachague wajumbe wawili wapange wenyewe kodi ya kulilipa. Kwa walowezi 24 ni kete 2 kwa kila mtu, ingawa baadhi ya wajumbe huamua walio karibu na dirisha walipe zaidi, waache. Halafu uliza: raundi ipi iliuma zaidi, na kwa nini?

Hapo chai ya Boston inaeleweka. Sheria ya Chai ya 1773 iliifanya chai ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, kampuni ya biashara ya Uingereza, iwe nafuu, lakini kodi iliyowekwa na Bunge la Uingereza ilibaki. Makasha 342 yalimwagwa majini. Mtoto akiuliza mbona watu wakatae kitu cha bei nafuu, ameuliza swali la msingi la somo zima.

Kwa ushahidi, tumia mchoro wa mauaji ya Boston wa Paul Revere, fundi wa fedha wa mji huo aliyekuwa upande wa wapinzani wa Uingereza. Funika maandishi yake, watoto waorodheshe wanachokiona kwa dakika tano: askari wamepanga mstari, ofisa ameinua upanga, umati hauna silaha. Ndipo uwape kumbukumbu nyingine: ilikuwa usiku wa 5 Machi 1770, askari walizingirwa na kurushiwa mabonge ya theluji, watu watano walikufa, akiwemo Crispus Attucks. John Adams aliwatetea askari mahakamani na wengi wao wakaachiwa. Revere alitaka mtazamaji aamini nini?

Vita vyenyewe usivirefushe. Watoto watauliza kwa nini askari walisimama mistarini. Gobori lilijazwa kwa mdomo wa mtutu. Askari hodari alifyatua mara tatu hivi kwa dakika, na kwa umbali wa mita 100 kumlenga mtu mmoja kulikuwa kubahatisha, kwa hiyo walifyatua kwa pamoja. Pima mita hizo uwanjani. Saratoga ipewe muda kuliko vita vingine, kwani ushindi huo ndio ulioishawishi Ufaransa kuingia katika muungano mwaka 1778.

Usiache pande zikabaki mbili. Kati ya wenyeji wa asili wa Amerika, kiongozi Joseph Brant na Wamohawk wenzake wengi walikuwa upande wa Uingereza, Waoneida wengi upande wa Wamarekani. Novemba 1775 gavana Dunmore wa Virginia aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Weusi wapatao 3,000 waliondoka New York pamoja na Waingereza 1783, wengi kwenda Nova Scotia (Kanada ya leo), na 1792 karibu 1,200 wakavuka hadi Sierra Leone. Haya yasomwe na kujadiliwa. Kuigiza utumwa darasani, hapana: humdhalilisha mtoto na hakuna anachojifunza.

Jaribio la mwisho ni aya mbili za mwaka 1774, moja ya mlowezi anayetaka kupinga na nyingine ya jirani yake aliyebaki mtiifu. Aya ya pili ikisema tu "nampenda mfalme", rudi kwenye deni la 1763.