Nguva na mpingo wa Kilwa

Fundi mmoja wa vinyago alinipa kipande cha mpingo, nikakitumbukiza katika ndoo ya maji, kikazama papo hapo kama jiwe. Kiini chake cheusi kilizungukwa na ukanda mwembamba wa manjano mpauko. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulinganisha mti huu na nguva, kwa kuwa wote wawili ni wenyeji wa Kilwa, mmoja porini na mwingine baharini, na wote hukua na kuongezeka polepole mno.

Mpingo (Dalbergia melanoxylon), wenye maua madogo meupe yanayonukia, ni wa familia moja na kunde na maharage, na una ndugu wengi katika jenasi yake. Nguva (Dugong dugon) ni mamalia wa oda ya Sirenia, na jamaa zake wa karibu ni tembo na pimbi, wala si pomboo kama wengi wanavyodhani. Familia yake imebaki na spishi hiyo moja tu, kwani nguva mkubwa wa Bahari ya Bering aliwindwa hadi akatoweka kufikia 1768, miaka 27 tu baada ya wanasayansi kumwona.

Wingi wa ndugu umeusaidia mpingo. Kwa kuwa mbao za jenasi hiyo ni vigumu kuzitofautisha bandarini, mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliweka masharti ya biashara juu ya jenasi nzima. Nguva yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, chenye katazo kali zaidi, lakini kinachomwua huku kwetu ni jarife, wavu wa matundu makubwa: akinaswa usiku hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi, na mvuvi akirudi alfajiri humkuta ameshakufa maji. Jike huzaa ndama mmoja baada ya mimba ya miezi 13 au zaidi, kisha huweza kukaa miaka 3 hadi 7 bila kuzaa tena. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilitangaza kwamba nguva wa pwani ya Afrika Mashariki wako katika hatari kubwa mno ya kutoweka, wakiwa wamebaki wakubwa wasiofika 250.

Mpingo una wenyewe. Kijiji cha Kikole, Kilwa, kilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa msitu kinaousimamia, na fedha za magogo huingia kijijini. Mvuvi anayekata jarife lake ili kumwokoa nguva hupata hasara tupu, nami naona mtu huyo anastahili kupewa wavu mpya siku hiyohiyo.