Theluji ya Mwanza, wiki ya saba: kivuli kimekubali

Kimekubali! Jana asubuhi kivuli cha uzio kimelala juu ya theluji ya mchoro wangu na hakuna aliyeniuliza kama napiga plasta.

Bado ni ileile kazi ya kunakili picha ya Claude Monet ya 1868–69: theluji ya Étretat, na juu ya lango la mbao ndege wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe kama hawa wetu. Wateuzi wa Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, waliikataa mwaka 1869. Nawaelewa kidogo, theluji inatesa. Mimi mwenyewe sijawahi kuishika. Ninayoijua ni ile ya ukutani mwa friji.

Wiki sita nimekwama kwenye kivuli. Nyeusi kidogo ndani ya nyeupe, ikawa saruji. Nikaongeza nyeupe, majivu. Nikalainisha kingo kwa brashi kavu, mama mwenye nyumba akapita na ndoo yake, akasimama: "Baba, pamba ya mwaka huu imekubali." Usukumani hapa, utamlaumu?

Kumbe nilikuwa nanakili karatasi ya steshenari, mashine imeishiwa wino wa bluu, vivuli vyote kijivu. Wiki nne nzima naamini karatasi! Kwenye simu vivuli hivyohivyo ni bluu inayoelekea zambarau. Lakini simu nazo huongopa, kwa hiyo nikamwaga nusu kilo ya sembe kwenye sinia, nikaiweka juani, nikachomeka njiti katikati. Kwa macho matupu kivuli ni kijivu, kwa sababu kichwa kinajua unga ni mweupe. Nikatoboa boksi kwa msumari, nikachungulia kivuli peke yake tunduni: bluu! Jua likizibwa, kinachobaki kumulika pale ni anga. Kuku wa jirani walimalizia utafiti. Unga nimeulipa.

Mchanganyiko basi: bluu ya ultramarini, tone la kahawia ya kuizima makali, nyeupe ya titani. Nyeusi nimeifungia kabatini. Penye jua pia si nyeupe tupu, weka chembe ya manjano, la sivyo bluu haisemi kitu. Akriliki kwa joto hili inakauka kwenye sahani kabla hujachovya mara ya pili, na ikikauka inaiva zaidi, kwa hiyo changanya nyeupe zaidi kuliko unavyotaka. Wanaoniambia nihamie rangi za mafuta wanitumie na hela. Kanvasi yangu ni kitambaa cha marekani, rangi ya maji ya ukutani mikono mitatu, msasa kila mkono ukikauka. Sijaona ubaya wake.

Mpango ulikuwa wiki hii nimalize ndege, halafu niingie mlima Kolsås, ambao Monet aliuchora Norway mwaka 1895. Lakini Jumapili nilikuwa Kamanga nasubiri kivuko, jua ndiyo kwanza linachomoza, mnandi mmoja katanua mbawa juu ya jiwe anazianika. Nikageuka kuliangalia Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani. Theluji ingekaa wapi pale? Juu kichwani na kwenye ule mkunjo wa chini, ubavuni ingeteleza ikaanguke ziwani. Kivuko kikaondoka nimesimama nachora nyuma ya risiti.

Marekani mpya imeshapigwa mkono wa kwanza. Kunguru wa Monet bado ni penseli.