Nilivyolitibu lori la baba lililokuwa likikwama kwenye kompyuta

Baba aliendesha lori njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa miaka 26. Magoti yalipomshinda akaacha, na tangu hapo hushinda barazani akisikiliza semi zinazopita barabara kuu. Nikamwekea Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori Ulaya, kwenye kompyuta mpakato yangu ya mtumba. Gemu lenyewe ni la mwaka 2012, nikaamini mashine italimudu.

Dakika kumi za kwanza lilikwenda vizuri. Tulitoka Calais na mzigo wa Duisburg, tunaikaribia Brussels, picha zikaanza kukatika. Baba anakata kulia, lori linageuka baadaye. Likaparamia kingo za barabara. Akasogeza kiti nyuma, akasema kichwa kinamuuma, akatoka nje. Niliumia sana, maana zile dakika kumi nilikuwa nimemwona anatabasamu.

Kwanza nilishuku mtandao, kama tunavyozoea kila kitu kikisuasua. Nikanunua bando, nikahamia dirishani. Lakini tulikuwa tunacheza peke yetu, hatujaunganishwa na seva yoyote, na nilipozima waifai kabisa hali haikubadilika. Ukicheza na wenzako, mtandao mbaya unautambua kwa magari ya wengine: yanarukaruka huku mandhari yako yakipita laini. Kwetu kilikwama kila kitu kwa pamoja, hadi mawingu. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine.

Nikaiwasha ile namba ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, ambayo Steam, programu ya duka la gemu, huonyesha pembeni ya skrini. Mwanzo fremu 29 kwa sekunde, baada ya dakika kumi 11. Nikashusha grafiki, yaani ubora wa picha, hadi chini kabisa: mwanzo zikapanda hadi 36, baada ya dakika kumi zikarudi 11 zilezile. Nikafuta draiva ya picha, programu inayoongoza uchoraji wa picha, nikaweka mpya, bando likaisha. Zikawa 11.

Baba ndiye aliyeupata ugonjwa, akiwa amesimama nyuma yangu.

“Mwanangu, gari bovu haliondoki stendi. Hili linaondoka vizuri, linachokea njiani. Hilo ni joto. Tazama rejeta.” Akanikumbusha malori yanayochemka yakipanda mlima Kitonga, na madereva wanaobadilisha pampu ya dizeli wakati rejeta imeziba matope.

Nikapakua HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la kila kifaa, nikaiacha wazi wakati gemu linaendelea. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilifika nyuzi 97, na papo hapo kasi yake ikaporomoka kutoka 3.1 GHz hadi 0.8. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hujipunguza zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 ili zisiungue. Ndiyo maana kushusha grafiki hakukuzaa kitu: mashine ilikuwa inajiokoa.

Nikaizima, nikachomoa chaja na waya wa betri, nikafungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi lililogandamana kama sufi ya mto. Nililitoa kwa brashi laini ya rangi, nikipuliza huku nimeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Ile dawa inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba ilikuwa imekauka, inabanduka vipandevipande. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Jioni hiyo joto halikuvuka nyuzi 76, na fremu 36 zikabaki 36 saa nzima. Tangu siku hiyo mashine haikai tena juu ya godoro, linaloziba matundu yake ya hewa.

Nilipoifungua niliona jambo jingine: nafasi mbili za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, moja tupu. Mashine yangu haina kadi ya picha inayojitegemea, kwa hiyo picha zote zinaazima kumbukumbu kwenye RAM hiyo. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 ya 2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja ni 38.4. Fundi akaniuzia kipande cha mtumba cha GB 8, na fremu zikafika 51.

Hapa wengi hawatakubaliana nami, lakini nilizifunga fremu zisizidi 30. Skrini yangu hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Fremu 51 haziwezi kugawana nafasi hizo sawasawa; nyingine inakaa milisekunde 17, nyingine 33, na jicho linauhisi mtikisiko huo. Zikiwa 30 kila moja inakaa milisekunde 33, na kichwa cha baba hakikuuma tena.

Kilichobaki kilikuwa vioo vya pembeni. Kila kioo kinailazimu kompyuta kuichora upya barabara iliyo nyuma, kwa hiyo nilikuwa nimevishusha ubora. Baba akakataa katakata, dereva haendeshi na kioo chenye ukungu. Nikavirudisha juu, nikapunguza vivuli na majani badala yake.

Juzi alifika Duisburg. Akarudisha tela kinyumenyume kwenye gati la kupakulia kwa kioo cha kushoto tu, mara moja, bila kusahihisha. Kisha akaniuliza kama kuna mzigo wa Milano.